Afya ya Mwanaume: Sindano za akupancha na maumivu ya nyonga yasiyoisha

Nina miaka 41. Huu ni mwezi wa nane nasikia maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Yanapanda hadi kinenani, na baada ya tendo la ndoa ndipo yanapozidi. Mkojo umepimwa mara tatu, haukuonekana kuwa na bakteria. Nimemaliza dozi nne za antibiotiki bila nafuu, sasa nashauriwa nikachomwe sindano za Kichina. Zinasaidia kweli, au ni imani tu?

Pole, ndugu. Ikiwa mkojo ulipimwa kwa kuoteshwa maabara na magonjwa ya zinaa yamechunguzwa, dozi ya tano haitafanya yaliyozishinda zile nne. Maumivu ya aina hii yakidumu miezi mitatu au zaidi bila kuonekana maambukizi huitwa maumivu sugu ya nyonga. Kwenye cheti utakuta yameandikwa "prostataitisi sugu", yaani uvimbe wa muda mrefu wa tezi dume, na jina hilo limewapotosha wengi, kwa sababu mara nyingi tezi dume yenyewe haina kosa. Kwa wagonjwa wengi kinachokutwa ni misuli ya sakafu ya nyonga iliyokakamaa, pamoja na mishipa ya fahamu iliyokuwa nyepesi mno kuhisi maumivu.

Sindano husaidia baadhi ya wanaume, wala si imani tupu. Mwaka 2021 yalichapishwa majaribio yaliyofanyika katika hospitali 10 za China kwa wanaume 440. Nusu walichomwa kwenye pointi zenyewe, yaani sehemu maalumu za mwili zinazolengwa na akupancha, nusu wakachomwa juujuu pasipo pointi. Baada ya wiki 8, waliopata nafuu ya kuonekana walikuwa takriban asilimia 61 katika kundi la kwanza na 37 katika la pili, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo wiki 24 baada ya tiba kwisha. Usiipuuze hiyo 37: ina maana kwamba si kila nafuu utakayoipata imeletwa na pointi.

Pointi zilizotumika ni nne, kila moja kulia na kushoto: Shenshu kiunoni, Zhongliao kwenye tundu la tatu la mfupa wa sakramu (ule mpana ulio mwishoni mwa uti wa mgongo, juu ya kifandugu), Huiyang kando ya ncha ya kifandugu, na Sanyinjiao, vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu. Iliyo muhimu zaidi, kwa maoni yetu, ni Zhongliao. Kwenye tundu hilo hupita mshipa wa fahamu unaohudumia kibofu na misuli ya nyonga, na sindano huingizwa sentimita 5 hadi 6. Fundi asiyeijua sakramu hugonga mfupa, halafu anaiacha sindano ikining'inia kwenye nyama ya juu. Hapo umelipia bure. Ikiingia sawasawa utasikia uzito au ganzi inayoenea kuelekea msamba. Ukisikia kama shoti ya umeme, sema papo hapo irudishwe nyuma kidogo. Kiunoni ni kinyume chake: hapo kina kirefu ni hatari, kwa kuwa figo haiko mbali.

Kila kikao huchukua dakika 30. Ratiba ya majaribio hayo ilikuwa vikao vitatu kwa wiki kwa wiki nne, kisha viwili kwa wiki kwa wiki nne nyingine, jumla 20. Kosa la wagonjwa wengi ni kuacha baada ya kikao cha tatu wakisema haikuwafaa.

Usipime nafuu kwa kukumbuka tu. Mwombe daktari dodoso la dalili za prostataitisi sugu lenye alama 0 hadi 43: maumivu 21, mkojo 10, hali ya maisha 12. Lijaze kabla ya kikao cha kwanza, wiki ya nne na wiki ya nane. Alama zikishuka 6 au zaidi, tiba imekushika. Zisiposogea kufikia wiki ya nane, usinunue vikao vingine.

Sindano hizo zina dawa ndani? Naogopa kuambukizwa virusi. Pia natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Hazina dawa wala tundu. Ni waya mwembamba wa chuma. Dai sindano za kutumika mara moja, pakiti ifunguliwe mbele yako, na zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka, maana kusahauliwa kwa sindano mwilini hutokea. Kwa anayetumia warfarini, sindano ndefu za sakramu zinaweza kuvujisha damu ndani kwa ndani. Aliyekuandikia dawa aamue kwanza, na usiiache dawa kwa ajili ya sindano. Mwenye betri ya moyo asikubali sindano zinazounganishwa na umeme. Usiende na njaa pia, watu huzimia.

Nilisoma kwamba mazoezi ya kubana misuli ya nyonga yanasaidia. Nabana mara 100 kwa siku, na maumivu yameongezeka.

Acha leo. Mazoezi hayo ni ya misuli iliyolegea, kama kwa mtu anayevujwa mkojo. Yako huenda imekaza tayari, nawe unaikaza zaidi. Unachohitaji ni kuilegeza: lala chali, magoti yakunjwe, vuta pumzi hadi tumbo liinuke na uiachie sehemu ya chini kama unayetaka kukojoa, dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni. Mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga atakuchunguza kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Usione haya, ndiyo namna ya kujua ni msuli upi uliokaza.

Ni lini nisiende kwenye sindano kabisa?

Ukiwa na homa na kutetemeka, mkojo ukigoma kutoka, ukiona damu kwenye mkojo, korodani ikivimba au kuuma ghafla, au sehemu za siri na mapaja ya ndani yakifa ganzi. Hapo ni hospitali, siku hiyohiyo.