Kiwanda cha wageni kinatuachia nini?

SWALI: Asalaam aleikum, Mhariri. Binti yangu hushona suruali katika kiwanda cha wageni huku Mikindani, kilicho chini ya mpango wa EPZ, yaani wa viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nje ya nchi. Jirani yangu husema kampuni za kimataifa zinatunyonya. Mwenye nyumba wangu husema zikiondoka tutalala njaa. Nimwamini nani?
Mama wa Mikindani

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Mimi huipima kampuni ya kigeni kwa kile kinachobaki nchini kontena likishapakiwa melini Kilindini. Itazame suruali anayoishona binti yako: kwa kawaida kitambaa chake kimetoka Asia, na uzi na zipu vivyo hivyo, cha kwetu ni mikono yake na umeme. Tangu 2000, Marekani ilipofungua soko lake bila ushuru kwa bidhaa za Afrika kupitia mpango wa AGOA, kazi hiyo imewapatia riziki maelfu ya Wakenya, na mshahara huo siudharau hata kidogo, kwa kuwa ndio unaomlipa mwenye nyumba wako na muuza mahamri wa langoni. Lakini lau pamba ya Lamu ingesokotwa na kufumwa humu humu nchini, suruali ileile ingelisha nyumba nyingi zaidi. Hapo ndipo serikali yetu imelala, nami nasikitika sana.

Jirani yako ana hoja katika kodi. Kampuni ya kawaida hulipa asilimia 30 ya faida, ilhali ya EPZ husamehewa miaka 10 ya mwanzo, kisha hulipa asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Isitoshe, kampuni mama ya ng'ambo huweza kuitoza kampuni tanzu, yaani ile inayoimiliki hapa kwetu, ada za usimamizi, riba ya mkopo na malipo ya kutumia jina lake, hata faida ikaonekana ndogo Kenya na kubwa kwenye nchi ya kodi nafuu. Kanuni za 2006 zinataka bei baina ya kampuni hizo iwe ile ambayo wangeuziana watu wasio na uhusiano wowote.

Hata hivyo, sikubali zifukuzwe. Muulize binti yako jambo moja: wanaochora na kukata vitambaa kiwandani, na wanaotengeneza cherehani zikiharibika, ni vijana wetu waliofunzwa kazi, au mafundi bado huletwa kutoka nje? Akikujibu, tafadhali tuandikie tena.