Aendelee kucheza, pombe ndiyo itoke mezani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kijana mwenye kipaji kikubwa akinaswa na ulevi, asimamishwe mchezo mpaka apone, au aachwe aendelee? Mimi nasema aendelee. Wa kuondolewa pale mezani ni wakubwa wanaomletea pombe.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, hapa Newala. Alianza na drafti ya visoda kijiweni, na akiwa bado shule ya msingi wazee walishaanza kumkwepa. Kisha mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku akaja na ubao wa sataranji, yaani chess. Haukupita muda, mwalimu mwenyewe akawa hamwezi. Alipofika sekondari mpwa wangu alikuwa anacheza ameugeukia ukuta: mwenzake anataja kete imekwenda wapi, naye anajibu bila kuuangalia ubao. Watu walitoka Kitangari na Tandahimba kuja kumwona.

Hao hao waliokuja kumwona ndio waliomfundisha kunywa. Kuanzia Oktoba, korosho zikishaanza kuokotwa, mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yanakuwa tele na uraka, pombe ya mabibo hayo, unauzwa kila kona kwa bei ya chini. Hela za mnada wa korosho zikiingia, watu wazima wanawekeana dau kwa mgongo wa mtoto, na aliyeshinda dau anamtuza mchezaji kikombe. Mtoto wa miaka 15 anashangiliwa na wanaume wa rika la babu yake, halafu anawekewa kikombe mbele yake. Atakataaje? Msimu ukipita uraka unaisha, lakini kiu imeshaingia, na hapo anahamia kwenye gongo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na mtoto kwa sheria hiyo ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kijiweni sikuwahi kumsikia mtu akiitaja.

Kilichotuchelewesha sisi ndugu ni kwamba alikuwa bado anashinda. Mlevi wa kawaida mnamwona shamba limemshinda, mnashtuka. Huyu analala hajala, anaamka macho mekundu, halafu anakwenda kumfunga mtu aliyetoka mjini na vitabu vyake. Nani atasema anaumwa? Aliyenifumbua macho ni mkono wake. Asubuhi moja nilikaa naye ubaoni, nikaona kabla ya kushika kete anaukamata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kwenye kifundo, anausubiri utulie, ndipo anasogeza farasi. Kwenye mashindano, ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, lazima uicheze hiyo hiyo, na yeye alikuwa anaogopa vidole visije vikatua kwenye kete asiyoitaka. Nikamuuliza. Akanijibu, "Mjomba, kichwa kinajua pa kwenda. Mkono ndio unanigomea mpaka ninywe kidogo."

Nawaomba wasomaji wenye vijana wa aina hii wasipimie afya kwenye ushindi. Mikhail Tal wa Latvia alichukua ubingwa wa dunia wa sataranji mwaka 1960 akiwa na miaka 23. Figo zilimtesa miaka mingi, na sigara na pombe hakuziacha. Mwaka 1988 bado alikuwa na uwezo wa kutwaa ubingwa wa dunia wa michezo ya dakika chache, na mwaka 1992 akafariki akiwa na miaka 55. Kuna watu wamempotosha mpwa wangu kwa kumwambia kwamba wakali wote walikuwa wanywaji, kwa hiyo pombe ndiyo inayofungua akili. Inaniuma sana kusikia hivyo. Alexander Alekhine, bingwa mwingine wa dunia, alipolegea kwa pombe alinyang'anywa taji na Max Euwe wa Uholanzi mwaka 1935. Akaiweka chupa kando, akajiandaa, na mwaka 1937 akamfunga Euwe na kulirudisha. Hakuna aliyemfungia ubao wake kabatini ili apone.

Kwetu Wamakonde mjomba ana neno kwenye mambo ya mtoto wa dada yake, na kikao cha ukoo kilikuja kwangu na uamuzi tayari: ubao uchomwe, kijana afungiwe chumbani wiki mbili bila tone. Nilikataa yote mawili. La kufungiwa ni la hatari kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu ambavyo havipo, hata kupata degedege, hasa siku za mwanzo, na wengine hufa. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza inayopunguzwa taratibu, na vitamini B1. Kwa hiyo tulimpeleka hospitali.

Na ubao? Jioni ndiyo saa mbaya kwake, saa ambayo mwili unadai. Saa hiyo hiyo akiwa na ubao mbele anaweza kukaa mpaka usiku bila kuitaja pombe. Ukimwondolea, unamwachia jioni tupu na njia ya kwenda kilabuni anayoijua vizuri. Ila anachezea nyumbani, kwenye baraza la dada, na anayetaka kucheza naye anakuja pale mikono mitupu. Kijiweni haendi. Safari za mashindano tumezisimamisha kwa sasa, maana kule kuna hela mkononi, vyumba vya kulala wageni na mashabiki wenye nia njema na chupa. Hapo nakubaliana kidogo na wanaosema asimamishwe.

Msimu uliopita alirudia. Dada alilia, na wapo waliosema niliwazuia kuchoma ubao bure. Tulimrudisha hospitali na ubao ukabaki pale pale barazani.

Kwa wanaoandaa mashindano huku Mtwara na Lindi nina ombi moja. Zawadi ya kijana ikabidhiwe kwa mzazi, au ilipwe kama ada ya chuo, na anayekuja na pombe eneo la mchezo aondolewe hata kama ndiye mfadhili. Na ninyi mnaowekeana dau: mkitaka kumtuza mpwa wangu, mnunulieni saa ya sataranji, ile yenye pande mbili, kila mchezaji na upande wake. Anayotumia sasa imekufa upande mmoja.