Tezi "hutengeneza" au "hutoa" homoni?

SWALI: Ninaandaa maelezo ya baiolojia kuhusu tezi ya pituitari. Niliandika "pituitari hutengeneza oksitosini", mhariri akabadilisha ikawa "hutoa oksitosini". Kwani vitenzi hivi si sawa?

JIBU: Si sawa, na mhariri wako yuko sahihi. "Kutoa" kuna maana mbili. Mti hutoa matunda, yaani huyazaa wenyewe; mtu hutoa fedha mfukoni, yaani zilikuwamo tayari. Hapa tunaihitaji maana ya pili, na hadubini inaonyesha sababu.

Pituitari ni tezi ya yapata nusu gramu iliyo chini ya ubongo, na sehemu zake mbili kubwa hazifanani hata kidogo. Sehemu ya mbele ina seli zilizojipanga kwa mafungu, na kati ya mafungu hayo hupita mishipa midogo mno ya damu yenye kuta za vitundutundu. Zikitiwa rangi za maabara, baadhi ya seli huwa nyekundu, nyingine huelekea buluu, nyingine hubaki zimepauka. Zile nyekundu ndizo za homoni ya ukuaji na za prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa. Ndani yake mna vipunje vilivyosheheni homoni iliyotengenezwa humo humo, ikingoja kuingia kwenye damu. Kwa seli hizi, vitenzi vyote vinafaa: hutengeneza, huhifadhi, hutoa.

Sehemu ya nyuma haina seli za namna hiyo. Humo mmejaa nyuzi za seli za neva ambazo viini vyake viko juu, kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari. Oksitosini hutengenezwa huko juu, hushuka ndani ya nyuzi, kisha hukusanyika kwenye vivimbe vya nyuzi hizo, alivyovieleza mwanafiziolojia Percy Herring mwaka 1908. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza ina sarufi safi, hata hiyo "hu-" ya mazoea umeiweka panapostahili, ila inasema jambo lisilo kweli.

Andika hivi: "Oksitosini hutengenezwa katika haipothalamasi na kutolewa na sehemu ya nyuma ya pituitari." Ukitaka kuondoa utata kabisa, tumia "kumwaga", mimi naipenda zaidi. "Kuzalisha" iache, maana inakurudisha kwenye kutengeneza. Na "kutokwa na" usiiguse: anayetokwa na jasho au damu hakuamua, ilhali nyuzi hizi huachilia homoni pale tu zinapopata ishara kutoka juu.