Swali la Lugha: Nobu ikiwa "saa tatu", imeelekea wapi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Natafsiri maelezo ya pedali ya gitaa la besi, ile yenye priampu (kikuza-sauti cha awali) na ovadraivu (saketi ya kukwaruza sauti) ndani yake, ili wanafunzi wanaoanza wayatumie. Nimeandika: "Fungua gein hadi saa tatu, blendi saa tisa, kisha ongeza sauti. Kama hutaki besi, ifunge. Spika zikivuma, kata ethi." Mpiga besi mmoja amenirudishia karatasi. Anasema nobu mbili nimezigeuza, na kwamba "ongeza sauti" haimwambii mtu ashike ipi. Nimekosea wapi? Na hivi vinavyozungushwa, ni sawa kuviita vitufe?

JIBU: Salama kabisa. Huyo mpiga besi amesema kweli, na bado amekuhurumia, maana sentensi ya mwisho ndiyo iliyopaswa kumshtua zaidi. Tutaifikia.

Tuanze na saa. Maelezo uliyoyatafsiri yalitumia hesabu ya Kiingereza: gein, yaani nobu ya mkwaruzo, ielekee kwenye tarakimu 3 ya uso wa saa, kulia, na blendi, ile inayochanganya sauti safi na yenye mkwaruzo, kwenye tarakimu 9, kushoto. Wewe ukazichukua namba zilivyo ukaandika "saa tatu" na "saa tisa". Lakini Mswahili akisikia saa tatu, iwe ya asubuhi au ya usiku, mshale mfupi anaouona kichwani umeelekea tarakimu 9. Saa tisa nayo iko penye tarakimu 3. Nobu zote mbili zimehamia upande wa pili.

Na hilo si kosa dogo. Nobu za pedali nyingi huzunguka takriban nyuzi 300 (za pembe, si za gitaa), kutoka penye tarakimu 7 hadi penye tarakimu 5, na kila hatua ya saa ni nyuzi 30. Ikiwa penye 9, nobu imetembea nyuzi 60, yaani moja ya tano ya safari yake. Ikiwa penye 3 imetembea nyuzi 240, yaani nne ya tano. Kwenye gein, hiyo ndiyo tofauti ya besi inayokwaruza kidogo tu unapoichapa kwa nguvu, na besi inayokwaruza muda wote hata ukiigusa kwa ncha ya kidole.

Wengi hukimbilia kuziacha saa kabisa na kuandika asilimia. Sioni sababu, kwa kuwa saa za Kiswahili zinaikaa nobu vizuri kuliko za Kiingereza. Hebu hesabu: kushoto kabisa ni saa moja, wima ni saa sita, kulia kabisa ni saa kumi na moja. Unapozungusha kwenda kulia namba inapanda, haikatiki popote. Kwa Kiingereza nobu huanzia saba, hupanda hadi kumi na mbili, huanguka ghafla kwenye moja, na huishia tano; mwanafunzi anaambiwa kwamba tatu ni nyingi kuliko tisa, naye akubali tu. Kwa hiyo tumia saa zetu, ila weka sharti hili mwanzoni mwa karatasi: "Saa zote humu ni za Kiswahili: kushoto kabisa saa moja, katikati saa sita, kulia kabisa saa kumi na moja." Kisha andika saa kwa maneno. Ukiandika "saa 9" kwa tarakimu, msomaji ataitafuta 9 iliyochapwa kwenye uso wa saa, na tutarudi tulikotoka.

Sasa "ongeza sauti". Neno sauti limebebeshwa mzigo mkubwa mno: ni mlio, ni ukubwa wake, ni uzito au wembamba wake, na kwenye kwaya ni kundi zima la waimbaji. Kwenye pedali yako kuna nobu zisizopungua tatu ambazo mtu akizizungusha atasema ameongeza sauti.

Gein, ambayo kwenye pedali nyingi imechapwa DRIVE, iko kabla ya saketi inayotengeneza mkwaruzo. Huyapa nguvu mawimbi yanayoingia. Yakizidi uwezo wa saketi hiyo, vilele vyake hukatwa, na kukatwa huko ndiko sikio linakosikia kama mkwaruzo. Leveli huja baadaye. Haigusi umbo la wimbi, inabadilisha ukubwa wake tu. Mwanafunzi aliyeambiwa "ongeza sauti" akishika gein, ukubwa utapanda mwanzoni, kisha utakwama, kwa sababu kilele kilichokatwa hakina tena pa kupandia. Ataizungusha tena. Atapata mkwaruzo maradufu na sauti ileile, huku leveli, iliyokuwa na kazi hiyo, haijaguswa.

Kila nobu basi ipewe kitenzi chake pamoja na kitu inachokibadilisha. Gein huongeza mkwaruzo. Leveli huongeza ukubwa wa sauti inayotoka. Blendi haiongezi wala haipunguzi. Huchanganya, kwa hiyo usiandike "ongeza blendi" bila kusema unaongeza nini. Andika: "Peleka blendi kushoto upate sauti safi zaidi, kulia upate yenye mkwaruzo zaidi." Na ueleze kwa nini ipo. Uzi mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa herzi 41 hivi, na saketi nyingi za ovadraivu hupunguza uzito huo wa chini. Sauti safi inayopita kando ndiyo inayobakiza kifua cha besi bendi nzima inapopiga.

Hapa kuna mtego mmoja, nao ni wa ufundi zaidi ya lugha: jina moja halifanyi kazi moja kila mahali. Kwenye SansAmp Bass Driver ya kampuni ya Tech 21, LEVEL ni ukubwa wa sauti yote inayotoka. Kwenye Darkglass B7K Ultra, LEVEL inatawala njia ya mkwaruzo peke yake, na ya jumla ni MASTER. Kabla hujaandika "ukubwa wa sauti inayotoka", ijaribu pedali yenyewe: peleka blendi kushoto kabisa, piga uzi mmoja, zungusha leveli. Sauti isipobadilika, leveli hiyo ni ya mkwaruzo tu, na sentensi yako iseme hivyo. Majina yaliyochapwa kwenye pedali yaache yalivyo, kwa herufi kubwa, angalau mara ya kwanza. Mwanafunzi anatafuta kile anachokiona kwa macho.

Tukiwa hapo hapo: "kukwaruza" na "kupasuka" si kitu kimoja, na wapigaji husikia tofauti. Sauti inakwaruza pale ulipotaka ikwaruze. Inapasuka pale spika au mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) imezidiwa, na dawa yake ni kupunguza. Usiandike "pandisha gein hadi sauti ipasuke", labda kama una ugomvi na mwenye spika.

Kadhalika "sauti ya juu". Kwa wengine ni sauti kubwa, kwa wengine ni sauti nyembamba, na wote wako sahihi. Kwenye maelezo ya trebo na besi liepuke neno hilo: kubwa na ndogo zibaki kwa ukubwa, nzito na nyembamba kwa kimo cha mlio.

"Kama hutaki besi, ifunge." Kufungua na kufunga tunakutumia kwa redio na bomba, na kwa leveli kunafaa: kushoto kabisa, kimya. Lakini nobu za toni, yaani besi, midi (sauti za kati) na trebo, kwa kawaida sifuri yao iko katikati. Saa sita haziongezi wala hazipunguzi kitu. Ndiyo maana nyingine hugota kidogo zinapofika hapo. Kwenye pedali ambayo toni zake hupanda na kushuka desibeli 12, ukiipeleka nobu ya besi kushoto kabisa hukuizima. Umeyashusha mawimbi mazito hadi robo ya ukubwa wake. Mwanafunzi anayetaka pedali isimguse toni, akasoma "funga", atafunga zote tatu, gitaa litalia kama limefunikwa blanketi huku halina uzito, kisha atalaumu nyuzi. Andika "iache saa sita" au "irudishe katikati", na neno "punguza" liwe la anayetaka kweli kupunguza.

Kipande chako kingesomeka hivi:

"Weka nobu za besi, midi na trebo saa sita, na leveli saa tatu. Piga nyuzi kwa nguvu yako ya kawaida huku ukipandisha gein hadi saa tisa. Weka blendi saa tatu, ili mkwaruzo uwe nyuma ya sauti safi. Mwisho, zungusha leveli polepole huku ukikanyaga swichi kuwasha na kuzima, hadi ukubwa wa sauti uwe uleule pedali ikiwa imewashwa au imezimwa."

Vitufe? Kitufe hubonyezwa. Kinachozungushwa kiite nobu (nobu hii, nobu hizi). Wapo wanaopenda kirungu, nacho kinaeleweka. Kile cha chini kinachokanyagwa ni swichi, na pedali yote ukitaka kuiita kanyagio hakuna atakayekupinga.

Imebaki "kata ethi". Ifute leo. Swichi unayoielezea hutenganisha tu ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) ya waya unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye mikisa, kwa sababu vifaa viwili vilivyounganishwa na ethi kwa njia mbili huweza kufanya mzunguko unaovuma. Anayesoma "kata ethi" akiwa na ampli inayovuma mbele yake atatazama plagi ya ukutani, na wapo wanaong'oa pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Ampli ya namna hiyo ikipata hitilafu, umeme utapita kwenye waya wa gitaa hadi kwenye nyuzi anazozishika. Andika: "Spika zikivuma, bonyeza swichi ya ethi iliyo kwenye pedali, karibu na tundu la waya wa mikisa. Usiguse ethi ya plagi ya umeme."