Re: Wiki kwa kazi za vikundi chuoni: akaunti moja kwa kikundi inatosha?

Mkuu, acha kabisa. Unasema darasa lina wanafunzi 120, kuwasajili mmoja mmoja ni usumbufu, kwa hiyo kiongozi wa kikundi ashike nywila na wenzake wamtumie vipande vyao WhatsApp. Hiyo wiki (tovuti ambayo wengi wanaandika na kuhariri kurasa zilezile kwa pamoja) itageuka faili la Word lililopandishwa mtandaoni.

Yalinikuta. Kwenye semina moja mkufunzi alitusimamia mbele, akasema kwa kujiamini kwamba akaunti za vikundi zinaokoa muda. Ukurasa wa historia hakuugusia hata kidogo! Na ndiyo roho ya wiki: unaona nani kaandika nini, saa ngapi, nani kafuta cha nani. Basi nikafuata ushauri wake darasani kwangu, nikatoa alama moja kwa kila kikundi. Matokeo yalipobandikwa, binti mmoja akaja ofisini na daftari lake la rasimu, anasema uchambuzi wote ni wake na wenzake hawakugusa neno. Wenzake nao wakaja, kila mmoja anadai jasho ni lake. Nikafungua historia: "Kikundi 4", "Kikundi 4", "Kikundi 4", juu mpaka chini. Sikuwa na cha kumwambia yule binti, na alama zikabaki vilevile. Hadi leo nikikumbuka ile semina napandwa na hasira, maana mtu anayefundisha walimu alipaswa kulijua hilo kabla ya kushika kipaza sauti.

Kila mwanafunzi awe na akaunti yake. Kama mnatumia Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni, una wiki ndani yake), mtu wa TEHAMA anawaingiza wote kwa mkupuo kutoka faili moja la CSV (orodha ya majina kwa mtindo wa jedwali), kwa hiyo usumbufu unaouogopa haupo. Kisha tenga sehemu ya alama kwa historia peke yake, na uwatangazie siku ya kwanza. Linganisha matoleo mawili ya ukurasa: aliyesahihisha aya ya mwenzake utamwona, na aliyebandika kurasa tatu usiku wa mwisho utamwona pia.

Angalizo: kwenye Moodle chagua wiki ya ushirikiano (wote wanahariri wiki moja, si kila mtu na yake) kabla ya kuhifadhi, baadaye haibadiliki. Na mtu akiwa anahariri sehemu, inafungwa kwa wengine, kwa hiyo wagawane vichwa vya habari mapema.

MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, nayo inatunza historia. Yoyote utakayochagua, usifungue hata ukurasa mmoja kabla akaunti 120 hazijakamilika.