Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Mkanda Katika Hewa ya Tanga

*Ndugu Mhariri, salaam. Marehemu babu ametuachia kamera ya Pentax K1000. Imekaa miaka kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi, na kwenye lenzi naona kitu kama utando. Je, inafaa kwa kazi au niiweke pambo sebuleni?*
— Mjukuu, Chumbageni

Usiiweke pambo kabla hujaikagua. K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na shata yake (mapazia yanayofunguka kupitisha mwanga) ni ya mitambo mitupu: inafanya kazi kwa kasi zote bila betri. Betri moja ya LR44 ni ya kipima mwanga tu. Kamera hii haina swichi ya kuzima, kwa hiyo lenzi isipofunikwa kipima mwanga hubaki kinafanya kazi na betri huisha kabatini.

Huo utando ni kuvu. Pwani yetu ndivyo ilivyo, na mkoba wa ngozi ndio unaoilea, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuutunza. Ufue au uutoe nyumbani, lakini kamera isirudi humo. Kisha vua lenzi, fungua tundu lake hadi mwisho, umulike tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi chache pembeni hazidhuru picha. Ikiwa katikati pamefifia kama vioo vyenye pumzi, picha zitapauka, hasa ukielekeza kamera upande wa jua. Kuvu iliyo juu ya kioo cha nje huondolewa kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo na haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Usimwagie lenzi. Iliyo ndani mpelekee fundi, na ujue kwamba kuvu ikishakula rangi ya kinga ya kioo, alama yake haitoki tena.

Shata ikague bila mkanda. Fungua mgongo wa kamera, elekea ukuta mweupe, bonyeza kwa 1/1000, 1/60 na sekunde 1. Kila mara uone mwanga umejaa dirisha zima. Kwa 1/1000 upande mmoja ukibaki giza, mapazia ya shata yamezeeka. Tumia 1/250 kushuka chini wakati unatafuta fundi. Kasi za polepole unaweza kuzirekodi kwa simu inayochukua fremu 240 kwa sekunde: 1/60 ionekane wazi kwa takriban fremu 4. Juu ya 1/125 kipimo hicho hakiaminiki.

Mwisho gusa kwa kijiti cha meno mfereji wa mlango wa nyuma. Sponji nyeusi iliyomo huoza na kunata, na hapo mwanga huvuja na kuacha michirizi kwenye picha. Ikwangue, safisha kwa spiriti, uweke uzi mweusi wa sufu. Fanya kazi hiyo ukiwa umeinamisha kamera, vipande visiangukie mapazia.

Nyumba mpya ya kamera ni kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, na gramu 100 za silika jeli, yaani shanga za kunyonya unyevu, ndani. Shanga za silika zinazobadili rangi zikilowa, zikaushe kwa oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili. Mchele, ambao wengi hushauriana, tunaukataa: hapa Tanga mchele nao umeshanyonya hewa hii hii, na unaongeza vumbi.

*Mhariri, nimepiga mkanda mzima wa harusi kwa majaribio, umerudi mweupe kama nailoni. Kosa la nani?*
— Mpiga picha, Ngamiani

Tazama pembeni mwa mkanda. Namba za fremu na jina la filamu huchapwa kiwandani, na huonekana mkanda ukisafishwa sawasawa. Namba zipo lakini picha hakuna? Mwanga haukuufikia mkanda: ama haukusogea ndani ya kamera, ama shata haikufunguka. Hata namba hazipo? Kosa ni la kusafisha, mara nyingi fiksa (dawa ya kuidumisha picha) imetangulia developa (dawa ya kuiibua picha). Mkanda ungekuwa mweusi wote, tungesema uliingiliwa na mwanga.

Kwa bahati mbaya sababu ya kawaida ni ya kwanza. Unapopakia, ingiza ulimi wa mkanda vizuri, vuta mara moja uone meno yameshika matundu ya pande zote mbili, ndipo ufunge mlango. Zungusha taratibu kifundo cha kurudishia, kile cha kushoto, hadi mkanda ubane. Sasa kila unapovuta mkono wa kusogezea, kifundo hicho lazima kizunguke. Kisipozunguka, unapiga hewa. Pia kaunta ikipita 38 na mkono bado unaenda laini, simama, mkanda haukushika. Na kwa harusi za watu, beba kamera ya dijitali kama akiba mpaka uizoee hii.

*Nataka kupiga ndani ya Mapango ya Amboni bila flashi. Filamu ni HP5 Plus, ya nyeusi na nyeupe. Kipima mwanga cha simu kinanipa sekunde 10, picha inatoka giza. Kwa nini?*
— Mwongoza watalii, Tanga

Kwa sababu filamu huchoka na mwanga hafifu. Ikiachwa wazi zaidi ya sekunde moja, hupokea kidogo kuliko hesabu inavyosema. Kwa HP5 Plus, pandisha sekunde za kipimo kwa kipeo cha 1.31: sekunde 10 zinakuwa kama 20, na 30 zinakuwa kama 86. Pima ukuta wa chokaa, siyo uwazi wa mlangoni, maana uwazi utakudanganya ufupishe muda. Stendi ya miguu mitatu, kasi ya B (shata hubaki wazi muda wote unaobonyeza), kamba ya kubonyezea, tundu f/8, basi.

*Maji ya bomba nyumbani ni ya moto. Naweza kusafisha filamu nyeusi na nyeupe mwenyewe?*
— Mwalimu wa sayansi, Raskazone

Waweza, mwalimu wetu, na ni bora kuliko kuusafirisha mkanda mbali. Adui ni joto, basi usipigane nalo bure: badala ya kung'ang'ania nyuzi 20, fanya kazi kwa 24. HP5 Plus katika developa ya ID-11 iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa huchukua dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa 24 ni kama dakika 9. Usipande hadi muda ushuke chini ya dakika 5, maana dawa haitasambaa sawa na anga ya picha itatoka na mabaka.

Tangi la kusafishia mkanda mmoja, la kampuni ya Paterson, huchukua mililita 290, yaani 145 za developa na 145 za maji. Weka chupa za dawa ndani ya beseni lenye chupa za maji yaliyogandishwa. Barafu yenyewe isiingie kwenye dawa, itaizimua. Anza na nyuzi 23 na nusu, kwa sababu tangi litapata joto mikononi mwako.

Kupakia mkanda kwenye gurudumu la plastiki la ndani ya tangi ndiko kunakowashinda watu wa pwani. Mikono ikitoa jasho, au gurudumu likiwa na unyevu, mkanda hunata katikati ya giza, na ukilazimisha unakunjika. Fanya kazi usiku katika chumba kisicho na mwanga kabisa, mikono imeoshwa na kukaushwa, gurudumu limepigwa na draya ya nywele kisha likapoa. Mfuko wa kubadilishia filamu huwa tanuri kwa hali yetu, tunauogopa.

Mimina developa, pindua tangi mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo, kisha mara 4 kila dakika inapoanza. Gonga tangi mezani, mapovu yatoke. Mwaga, suuza kwa maji dakika moja, ingiza fiksa ya haraka ya moja kwa nne (mililita 58 za dawa, 232 za maji) kwa dakika 5. Kwa kuosha, jaza maji na pindua mara 5, badilisha, pindua 10, badilisha, pindua 20. Maji hayo nayo yawe karibu na nyuzi 24. Yakiachana sana na dawa, utando wa filamu hufanya mikunjo midogo midogo na hautanyooka.

Suuza mwisho kwa maji safi ya chupa yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kwani maji ya kisima chenye chokaa huacha madoa. Tundika bafuni, feni imezimwa.

Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake; isimwagwe shambani, kisimani wala ufukweni. Ihifadhi katika dumu lenye nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu: fedha hutoka kwenye maji na kugandia chuma, ikabaki kama tope jeusi chini. Tope hilo likusanye kando, mbali na watoto.