Akianguka na hapumui, bonyeza kifua

Pole sana dada. Mzee kaanguka soko la Mbuyuni, watu wanampepea na kummwagia maji, nawe hukujua ufanyeje. Usijilaumu.

Siku nyingine mtikise bega, umwite kwa sauti. Haitiki, hapumui, au anakoroma pumzi mojamoja? Huko si kupumua. Mtume mtu atafute gari la kwenda hospitali, Mawenzi au KCMC hapo Moshi, wewe piga magoti. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Didimiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kinyanyuke. Ubavu ukilia “ka” chini ya mkono, nakusihi usiache. Mpokezane kila dakika 2. Maji asipewe kabisa.

Mikono huzoea kwa mafunzo. Ulizia Msalaba Mwekundu.